Ganzi Iliyochelewa: Maumivu ya Shingo ya Kizazi katika Historia ya Tiba

Historia ya kutuliza maumivu katika huduma za magonjwa ya wanawake zisizohitaji kulazwa, kama vile kuwekewa kitanzi cha kuzuia mimba, inaonyesha jinsi dawa ilivyopatikana mapema ilhali imani ya matabibu kwamba maumivu hayo ni ya kweli ikachelewa.

Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa waliougua fistula, yaani tundu lisababishwalo na uzazi pingamizi na kuvujisha mkojo bila kukoma. Mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa takriban mara 30 bila nusukaputi, ingawa etha, dawa ya nusukaputi, ilikuwa imeonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Mwaka 1857 Sims bado alishikilia kwamba maumivu ya upasuaji huo hayakuwa makali kiasi cha kustahili usumbufu na hatari ya dawa hizo.

Elimu ya mwili haikuunga mkono fikra kwamba maumivu ya viungo vya uzazi vya mwanamke ni madogo. Mwaka 1867 Mjerumani Ferdinand Frankenhäuser alieleza mishipa ya fahamu iliyosongamana kando ya shingo ya kizazi, ambayo ni sehemu ya chini ya mji wa mimba inayofungukia ukeni. Mwaka 1926 ikaelezwa Ujerumani namna ya kuchoma sindano ya ganzi mahali hapo. Na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokaini, ganzi inayotumika hadi leo.

Hata hivyo, utafiti wa Alfred Kinsey uliochapishwa Marekani mwaka 1953 ulipoonyesha kwamba wanawake wengi hawakuhisi shingo ya kizazi ilipoguswa kwa wepesi, matokeo hayo yalikuja kutajwa kana kwamba yamethibitisha kuwa kiungo hicho hakina hisia, wakati kuguswa kwa wepesi ni jambo moja, na kubanwa kwa koleo lenye meno au kutanuliwa kwa vyuma ni jambo jingine.

Mnamo Agosti 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, CDC, ilishauri kwamba kila mwanamke aelezwe njia za kutuliza maumivu kabla ya kuwekewa kitanzi, na kwamba lidokaini inaweza kumfaa. Lidokaini ilikuwa imetimiza miaka 81. Ucheleweshaji huo hauwezi kusingiziwa uhaba wa dawa; shahidi wa kwanza wa maumivu ni mwenye mwili, na ushahidi wake ulipuuzwa.