Bomba la sindano: chanjo ina kinga, mshipa bado

MTOTO wa Mdandu, wilayani Wanging'ombe, anapopelekwa kuchanjwa hudungwa kwa bomba ambalo haliwezi kutumika mara ya pili. Akilazwa kwa nimonia kali na kuwekewa kanula mkononi, dawa yake inaweza kupita katika bomba la kawaida, ambalo kinga yake pekee ni uangalifu wa muuguzi.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee mkoani Njombe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulibaini kuwa asilimia 12.7 ya wakazi wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Njia kuu ya maambukizi ni ngono, wala si sindano. Hata hivyo, damu inayobaki ndani ya bomba huweza kubeba VVU na, kwa urahisi zaidi, virusi vya homa ya ini aina ya B.

Mabomba ya chanjo yanayojifunga yenyewe yalianza kutumika miaka ya 1990. Katika aina moja, kipande kidogo cha chuma hukizuia kisukumio, yaani kijiti kinachosukuma dawa, kisirudi nyuma baada ya dozi kutolewa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba hayo ifikapo mwisho wa mwaka 2003.

Kwa dawa za mshipani, ufundi huo haufai. Muuguzi huyeyusha dawa ya unga, huivuta, wakati mwingine hurudisha kisukumio kidogo ili aone damu, ndipo asukume. Bomba linalojifunga baada ya mvuto mmoja lingemkwamisha katikati ya kazi. Badala yake yapo mabomba yanayoruhusu kuvuta na kusukuma mara kadhaa, kisha kujifunga kisukumio kinapofika mwisho, au kuvunjwa na mtumiaji mwenyewe. Hayo ya kuvunjwa yana udhaifu ulio wazi: asiyetaka kuvunja havunji.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kuhusu mabomba salama ulihusu sindano za msuli, za ndani ya ngozi na za chini ya ngozi. Mshipa haukuwamo.

Nimonia kali inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Matibabu yake ya kawaida kwa mtoto ni ampisilini kila baada ya saa 6 na jentamisini mara moja kwa siku, kwa siku zisizopungua 5. Zikitolewa zote mshipani, dawa hupita katika kanula mara 25, na kila mara husukumwa pia maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa kuwa dawa hizo mbili hazitakiwi kukutana. Chupa moja ya maji hayo ikichotwa kwa ajili ya wagonjwa wengi, bomba moja lililokwisha kugusa kanula laweza kuichafua yote. Kubadili sindano na kubakiza bomba hakusaidii, kwani damu hupanda hadi ndani ya bomba lenyewe.

Ukubwa wa bomba nao una maana. Kwa nguvu ileile ya kidole gumba, bomba la mililita 2 hutoa shinikizo takriban mara tatu ya lile la mililita 10, na kanula iliyoziba ikilazimishwa huweza kuuumiza mshipa. Ndiyo maana hushauriwa kutumia bomba la mililita 10 hata kama maji ni machache.

Jambo jingine huonekana dogo. Mpira wa kisukumio ukigandamizwa hadi mwisho, hutanuka kidole kinapoachia na kuvuta tone la damu kwenye ncha ya kanula. Tone hilo huganda na kuziba njia, na mtoto hutobolewa upya. Mabomba yanayouzwa yakiwa na maji ya chumvi tayari yameundwa kuzuia mrejeo huo, na hayachotwi katika chupa ya pamoja, ila bei yake ni kubwa. Pasipo na hayo, muuguzi huacha karibu nusu mililita ndani ya bomba bila kuisukuma.

Bomba lililotumika hutupwa mara moja, bila kurudishiwa kifuniko, katika kisanduku cha usalama, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu.