Mwaka Kogwa wa Makunduchi: Kalenda, Lugha na Sanaa za Kijiji

Makunduchi ni kijiji kikubwa kilichopo katika ncha ya kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe na udongo wake ni haba. Tangu jadi wakaazi wake wametegemea uvuvi pamoja na mashamba madogo yanayofyekwa msituni. Katika historia ya Zanzibar kama ilivyozoeleka kuandikwa, yaani historia ya masultani, mikarafuu na majahazi, kijiji hiki kwa kawaida hupewa sentensi moja au mbili. Hata hivyo, kila mwaka ifikapo Julai, Makunduchi huwa ndiyo kitovu cha Unguja. Wenyeji wanaoishi mjini na Tanzania Bara hurejea kwao, na wageni humiminika kushuhudia sherehe ya Mwaka Kogwa.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba Mwaka Kogwa si ngoma ya kufurahisha macho tu. Ni kalenda, ni baraza na ni hazina ya lugha kwa wakati mmoja. Aidha, mhadhara unatetea hoja kwamba sherehe hii imedumu kwa sababu sanaa zake zimekuwa kazi ya wanakijiji wenyewe, kwa haja zao wenyewe. Kwa mantiki hiyo, swali la msingi ni iwapo inaweza kuendelea kuishi pale haja hizo zinapopungua na watazamaji wanapoongezeka.

Hesabu ya miongo

Jina jingine la siku hii ni Nairuzi. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, nalo limetokana na maneno mawili yenye maana ya “mpya” na “siku”. Kutokana na jina hilo, waandishi wengi wameridhika kusema kwamba sherehe nzima ililetwa na Waajemi, na mjadala ukaishia hapo. Lakini asili ya jina haitoshi kueleza uhai wa jambo. Linalopasa kuulizwa ni kwa nini watu wa pwani waliihitaji Nairuzi hata wakaishika kwa karne nyingi.

Jibu limo katika hesabu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Ni mwaka unaotosheleza ibada, lakini haumfai mkulima wala baharia, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11 ukilinganishwa na majira ya jua. Mtu akipanda mtama kwa kufuata mfungo mosi, baada ya miaka michache atajikuta anapanda kiangazi. Kwa sababu hiyo watu wa pwani walikuwa na mwaka wa pili uliokwenda sambamba na ule wa kwanza. Huu uligawanywa katika miongo 36, kila mwongo ukiwa na siku 10, na mwishoni zikaongezwa siku 5 kukamilisha siku 365. Siku ya kwanza ya mwongo wa kwanza ndiyo Siku ya Mwaka. Kwa miongo mkulima alijua wakati wa kufyeka, kuchoma na kupanda, na nahodha alijua wakati wa kusi na kaskazi. Ahmad ibn Majid, mwanabahari mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, naye alitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Hesabu hii basi ilikuwa lugha ya pamoja ya Bahari ya Hindi.

Yafaa kuzingatia jinsi msamiati unavyodhihirisha mchanganyiko huo. “Nairuzi” ni neno la Kiajemi, lakini “mwaka” na “mwongo” ni maneno ya Kibantu. Watu waliokopa jina la siku hawakukopa namna ya kuhesabu kumi. Tena, kwa kuwa mwaka wa siku 365 hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, Nairuzi husogea nyuma siku moja kila baada ya miaka minne, ikipimwa kwa kalenda ya Kizungu. Ndiyo sababu siku iliyokuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti mwanzoni mwa karne ya 19 sasa huangukia Julai. Tarehe isiyotulia humsumbua mgeni mwenye kalenda ya ukutani, lakini kwa mwenyeji kusogea huko ni ushahidi kwamba hesabu haijawahi kukatika.

Siku yenyewe

Zamani Siku ya Mwaka iliadhimishwa katika sehemu nyingi za pwani. Maelezo yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu kubwa yake imetokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Jambo kuu lilikuwa kwenda pwani alfajiri na kuoga, ili uchafu wa mwaka uliopita ubaki majini. Maana hiyo imehifadhiwa katika jina linalotumika Makunduchi. “Koga” ni matokeo ya kuungana kwa kiambishi “ku-” na mzizi wa kitenzi “-oga”, na “kogwa” ni umbo lake la kutendwa. Mwaka Kogwa, kwa hiyo, ni mwaka unaoogeshwa. Kinachotakaswa si miili ya watu peke yake, bali ni wakati wenyewe.

Kwingi pwani desturi hii imefifia. Makunduchi imebaki, na sherehe yake ina sehemu tatu zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni mapigano ya wanaume. Watu wa upande wa kusini na wa kaskazini hukutana uwanjani na kupigana kwa vipande vya migomba, huku wakirushiana maneno ya kebehi. Huelezwa kwamba aliye na kinyongo hukitoa siku hiyo, na kwamba yanayotokea uwanjani hayafuatwi nyumbani. Ya pili ni kuchomwa kwa kibanda cha makuti. Mtu huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio, na wazee huangalia moshi unaelekea wapi. Ya tatu ni nyimbo za wanawake. Hawa hujipamba kwa nguo zao bora na kwenda kwa makundi wakiimba, na katika nyimbo hizo husemwa kwa mafumbo mambo ambayo siku nyingine hayasemeki hadharani.

Sehemu zote tatu ni sanaa, lakini kila moja ina kazi. Mapigano ni mahakama isiyo na hakimu. Kibanda ni kinga, kwani huaminiwa kwamba moto uliowashwa kwa hiari utaepusha maafa ya moto usiotarajiwa. Nyimbo ni baraza la wale ambao katika mabaraza ya kawaida hawapewi zamu ya kusema. Anayeziita zote “burudani” hajakosea kabisa, ila ameona maji asione kisima.

Kikae

Hoja ya lugha ndiyo inayoipa sherehe hii uzito wake katika taaluma ya Kiswahili. Wamakunduchi huiita lahaja yao Kikae, na katika vitabu hujulikana pia kwa majina ya Kimakunduchi na Kihadimu. Historia ya lahaja hii imefuata historia ya ardhi. Katika karne ya 19 mashamba ya mikarafuu yalienea magharibi na kaskazini mwa Unguja penye udongo mzito, na wageni wengi wakaletwa huko. Eneo la mawe la kusini na mashariki liliachiwa wenyeji. Walibaki na udongo haba, lakini walibaki pia na usemi wao. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya mjini Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake, Kikae kilikuwa kisiwa hichohicho, mwendo wa siku mbili kwa miguu, lakini nje ya mlango. Tangu hapo mtoto wa Makunduchi amekwenda shule kujifunza kwamba maneno ya bibi yake ni makosa ya kusahihishwa kwa wino mwekundu.

Haitakuwa haki kusema kwamba wanaisimu wamenyamaza. Haji Chum alikusanya msamiati wa Kikae uliochapishwa mapema katika miaka ya 1960, na kazi yake ya Msamiati wa Pekee wa Kikae ilitoka mwaka 1994. Odile Racine-Issa alichapisha uchambuzi wa sarufi yake kwa Kifaransa mwaka 2002. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Lahaja ya Kimakunduchi mwaka 2012. Hizi ni kazi za kushukuriwa. Hata hivyo kamusi huhifadhi neno kama ghala linavyohifadhi mbegu: mbegu haiozi, lakini pia haichipui. Uwanja wa Mwaka Kogwa ndiyo konde ambamo neno la Kikae hupandwa tena. Kebehi ya mpiganaji haikati ikisemwa kwa Kiswahili cha redio, na fumbo la mwimbaji halifumbi likitafsiriwa. Kwa muda wa sherehe, kijana anayejua Kiswahili Sanifu peke yake ndiye anayeonekana hajasoma.

Mgeni na mtazamaji

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2003 shirika hilo lilipitisha mkataba wa kulinda urithi usioshikika, na Tanzania ikauridhia mwaka 2011. Majumba ya mawe, basi, yalitangulia kutambuliwa, na maneno yakafuata nyuma. Hatari ni kudhani kwamba vitu hivi viwili hulindwa kwa njia moja. Jengo laweza kuhifadhiwa na fundi asiyekaa humo. Wimbo hauhifadhiwi ila na anayeuimba kwa haja yake.

Utalii umeleta kipato, nao si wa kulaumiwa kwa pupa. Lakini pale kipaza sauti kinapowekwa uwanjani, hotuba zinapopewa muda mrefu kuliko nyimbo, na mapigano yanapofupishwa ili yawahi basi la wageni, zamu ya mwenyeji hupungua bila ya yeyote kuamua kwamba ipungue. Wimbo unaobaki ni ule unaoeleweka na wote, yaani ule usiokuwa na Kikae ndani yake.

Dawa ya hatari hiyo imo katika desturi yenyewe. Katika siku za Mwaka Kogwa ni aibu kwa nyumba kukosa mgeni; milango huachwa wazi, chakula hupikwa kingi, na mwenye kupita huitwa ale. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kipimo hicho, mgeni ni yule anayeingia ndani, akakaa mkekani na akasikiliza mpaka akauliza neno lina maana gani. Anayesimama pembeni akaondoka na picha bado hajawa mgeni. Kijiji hakijawahi kuwakataa watu wa nje, bali kimewawekea nafasi yao na sharti lake.

Sharti hilo linawahusu pia wasomi. Chuo kinachotuma wanafunzi wake Makunduchi kukusanya maneno hakina budi kuwafundisha kwanza kuketi mkekani. Kazi yao isiishie kujaza madaftari. Watoto wa kijiji wasikie kutoka kinywani mwa msomi kwamba Kikae ni Kiswahili, na kwamba kilikuwa Kiswahili kabla ya neno “sanifu” kubuniwa. Lahaja inayoheshimiwa shuleni kwa mwaka mzima haitahitaji kuokolewa kwa siku chache za Julai. Hapo mwaka utakuwa umeogeshwa kweli, na uchafu wa dharau utakuwa umebaki majini.