Bunduki Hufuata Risasi

Huku kwetu Muyama, ukitaja bunduki ya zamani, watu wanafikiria gobore. Mimi nataka kumzungumzia ndugu yake aliyesahaulika: Mauser ya mwaka 1871, waliyobeba askari wengi wa Mjerumani vita ilipoanza mwaka 1914.

Mtutu wake ulikuwa wa milimita 11, risasi yake ina uzito wa gramu 25 hivi, na inasukumwa na baruti nyeusi. Jeshi la Ujerumani kule Ulaya lilianza kupewa bunduki za baruti isiyo na moshi mwaka 1888. Askari wetu, Msukuma, Mnyamwezi au Mmanyema, miaka 26 baadaye bado anapiga kwa baruti ile ile. Akifyatua mara moja tu, wingu jeupe linapanda na adui keshajua alipo. Kwa hiyo uchakavu wa bunduki hiyo ulilipiwa kwa damu, na aliyelipa hakuulizwa.

Risasi nazo zilitoka wapi? Koloni halikuwa na kiwanda, na Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Novemba 1914 Lettow-Vorbeck alishinda Tanga, akaokota bunduki za kisasa na risasi kama 600,000. Aprili 1915 meli ya Rubens ikaingia ghuba ya Manza, ikapigwa mizinga, ikazama kwenye kina kifupi. Mzigo ukaopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Hapo ndipo kazi ilipoanza: kufungua risasi moja moja, kuanika baruti, kubadilisha fataki zilizoharibika, kisha kufunga upya. Hata hivyo nyingine ziligoma kulipuka.

Gobore halina shida hiyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa Waafrika, ukaacha mlango kwa zile za kushindilia. Walidhani wanatupa kilicho dhaifu. Kumbe silaha isiyohitaji ganda haitegemei meli: baruti kidogo, kipande cha chuma au risasi, basi, na mhunzi wa kijijini anaweza kuitengeneza ikiharibika. Ndiyo maana gobore bado linakamatwa na polisi hadi leo, wakati Mauser ya 1871 imebaki kuwa kitu cha makumbusho.

Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916, vita ikasogea kusini. Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, Novemba 25, 1918, bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, za Kiingereza na Kireno. Yaani jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa na bunduki za adui zake, kwa sababu risasi za kuokota zilikuwa za adui.

Vitabu vingi husimulia vita hiyo kama hadithi ya ujanja wa jenerali mmoja. Mimi naona tuwahesabu pia waliokaa kivulini wakianika baruti, na wale waliofyatua huku moshi ukiwasaliti.