Mzani wa Meneja

Ngamiani, Tanga, barabara huitwa kwa namba. Meneja wa duka letu la ushirika alikuwa akiitwa kwa cheo. Hata siku ya mazishi watu waliulizana, "Meneja anazikwa saa ngapi?" ilhali duka lenyewe lilikwisha fungwa zamani.

Aliingia ukarani mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, STC ya serikali ilipoanza kushika biashara ya jumla. Mwaka 1973 STC ikavunjwa, mikoa ikapewa kampuni zake, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yapishe ya ushirika. Ndipo akakabidhiwa funguo.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuta mafuta yamepanda bei na fedha za kigeni zimekauka. Viwanda vikakosa malighafi. Sukari, sabuni, unga na mafuta ya kula vikawa vya kugawiwa kwa kaya, kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Foleni ilianza alfajiri. Asiyeweza kusimama aliacha kikapu au jiwe, likaheshimiwa kama mtu.

Mche wa sabuni Meneja aliukata kwa waya, juu ya ubao aliouwekea alama za misumari, ili kipande cha mke wa kuli kilingane na cha mke wa katibu. Sukari aliimimina kwenye gazeti, akainua mikono yote miwili juu watu waione, mzani utulie wenyewe. Kisha akaandika daftarini: jina, kaya, kiasi. Mkewe alipanga foleni kama wengine. Siku moja sukari ilikwisha zamu yake ikiwa ya tatu, akarudi na kikapu kitupu.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa pilipili, na aliwahi kumnyima mama yangu unga wa Yanga, ule wa njano, kwa kuwa jina letu kwenye orodha lilikosewa herufi moja.

Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi mwaka 1983, wakaguzi walifika na kupekua hadi usiku. Hesabu za daftari na za stoo zikakubaliana. Wakanywa chai ya rangi, wakaondoka.

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Sabuni zikajaa vibandani, duka la ushirika likakosa wateja. Meneja akastaafu na baiskeli yake na madaftari kumi na moja.

Yamebaki tisa. Mawili wajukuu waliyachana, yakafungia maandazi. Humo mna nani alipata nini, siku gani, na nani alirudi mikono mitupu. Wenzangu mlioachiwa madaftari ya maduka yale, yatoeni uvunguni, myatunze.