Madaftari ya Göttingen

Tarehe 10 Juni 1854, Bernhard Riemann, kijana wa miaka 27 mwenye haya nyingi, alisimama mbele ya maprofesa wa Chuo Kikuu cha Göttingen kutoa mhadhara wa kuomba kibali cha kufundisha. Alikuwa amependekeza mada tatu, na kwa desturi ya vyuo vya Ujerumani ilitarajiwa ichaguliwe ya kwanza. Mzee Gauss, mwanahisabati mashuhuri wa chuo hicho, akachagua ya tatu, ambayo Riemann hakuwa ameiandaa: misingi ya jiometri. Kwa kuwa wengi ukumbini hawakuwa wanahisabati, karibu hakutumia milinganyo kabisa. Alieleza kwa maneno matupu jinsi nafasi inavyoweza kuwa na vipimo zaidi ya vitatu, na jinsi mpindo wake unavyoweza kupimwa na mtu aliye humo ndani, asiyekuwa na pa kusimama nje ili autazame.

Hakuuchapisha. Alifariki 1866 kwa kifua kikuu, na miaka miwili baadaye rafiki yake Richard Dedekind akautoa. Dedekind huyuhuyu alikuwa amekwisha kuandika mihadhara ya Dirichlet, profesa wa hapo, kuhusu nadharia ya namba na kuitoa kitabu mwaka 1863, mhadhiri mwenyewe akiwa kaburini tangu 1859. Historia ya Göttingen huhesabu waliosimama ubaoni. Mimi nadhani deni kubwa zaidi ni kwa waliokaa vitini na kalamu.

Aliyeligeuza jambo hilo la kunukuu kuwa utaratibu ni mwanahisabati Felix Klein, aliyehamia Göttingen 1886. Alianzisha chumba cha kusomea ambako vitabu vilikaa wazi rafuni, mwanafunzi ajichukulie. Humo pia yaliwekwa madaftari ya mihadhara: mwanafunzi au msaidizi aliyechaguliwa alinukuu, akaandika upya kwa hati safi, profesa akapitia na kusahihisha, kisha kila mtu akaruhusiwa kusoma. Aliyekosa kipindi hakukosa somo. Aliyefika mwaka uliofuata aliyakuta mawazo ya mwaka jana, tena hata yale ambayo hayakuwa yameiva kiasi cha kuchapishwa.

Klein alikuwa mwanasiasa kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Alimleta mwanahisabati David Hilbert mwaka 1895, akawashawishi wenye viwanda watoe fedha, na mwaka 1904 akawapata Carl Runge wa hisabati tumizi na Ludwig Prandtl, bingwa wa mwendo wa hewa na maji. Nadharia tupu na mitambo vikawa jirani.

Mwaka 1905 kazi ya kunukuu mihadhara ya Hilbert ilimwangukia Max Born, kijana wa miaka 22, bila mshahara. Kwa kazi hiyo alikutana na Hilbert na rafiki yake Minkowski karibu kila siku, akiwasikiliza wakibishana. Sijui mshahara gani ungefidia hilo.

Fedha za kuwaita wageni zilipatikana kwa njia ya kuchekesha. Paul Wolfskehl alikuwa ameacha wosia wa maki 100,000 kwa atakayethibitisha kauli ya Fermat, fumbo la namba lililowashinda wote. Wakati kauli ikisubiri, riba ilitumika kuwalipia wahadhiri, Poincaré akiwa miongoni mwao mwaka 1909. Inasimuliwa kwamba Hilbert, alipoulizwa kwa nini hajaribu mwenyewe, alijibu kwamba hawezi kumchinja kuku anayetaga mayai ya dhahabu. Kiangazi cha 1915 ilikuwa zamu ya Einstein: alitoa mihadhara sita juu ya nadharia ya uvutano aliyokuwa bado hajaikamilisha. Lugha yake ya kihisabati ilikuwa ile jiometri ya Riemann.

Mwaka huohuo aliwasili mwanahisabati Emmy Noether. Kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kuwa mhadhiri, masomo yake yalitangazwa kwa jina la Hilbert, yeye akitajwa kama msaidizi, na hadi 1919 hakupata kibali chake mwenyewe. Alizungumza haraka na wengi walishindwa kumfuata. Mholanzi B. L. van der Waerden, aliyefika 1924, alimfuata vizuri: kitabu chake cha aljebra, juzuu mbili za 1930 na 1931, kinakiri waziwazi kwamba kimetokana na mihadhara ya Noether na ya Emil Artin. Kwacho aljebra ya kisasa ilienea duniani.

Faida ya madaftari ilionekana vizuri zaidi mwaka 1925. Mwanafizikia Werner Heisenberg alimkabidhi Born, sasa profesa, makala juu ya atomu yenye namna ya ajabu ya kuzidisha: A mara B haikuwa sawa na B mara A. Born akakumbuka kwamba alikwisha kuiona akiwa mwanafunzi huko Breslau, katika mihadhara ya Rosanes. Ilikuwa hesabu ya matriki, yaani majedwali ya namba. Aliyemsaidia kuikamilisha hesabu, Pascual Jordan, alikuwa amemsaidia Richard Courant kuandaa kitabu cha mbinu za hisabati kwa fizikia, kilichotoka 1924 kwa majina ya Courant na Hilbert, kikitegemea mihadhara ya Hilbert. Zana za fizikia ya kwanta zilikuwa zimekwisha kunolewa kabla fizikia yenyewe haijazaliwa.

Aprili 1933 serikali ya Hitler iliwasimamisha Born, Courant na Noether kwa sababu ya Uyahudi wao. Novemba wanafunzi waliususia ukumbi wa profesa mwenzao Edmund Landau hadi akaacha kufundisha. Noether aliendelea kwa muda kuwapokea wanafunzi nyumbani kwake, kisha akaenda Bryn Mawr, Marekani, alikofariki 1935.

Courant alifika New York akaanza tena na wanafunzi wachache, akiwaandalia nakala za mihadhara. Wakati wa vita, yeye na Kurt Friedrichs, mkimbizi mwenzake, waliandika mwongozo juu ya hewa inayokwenda kasi kuliko sauti na mawimbi ya mshtuko, ukasambazwa kwa watafiti wa jeshi mwaka 1944. Miaka minne baadaye ulichapishwa kuwa kitabu, na waliotengeneza ndege za kasi hiyo wakaufanya rejea yao.