Mnato: Kinachoisha Huku Oili Ingalipo

Katika gereji za kando ya barabara mjini Rongo, kaunti ya Migori, mazungumzo haya nimeyasikia zaidi ya mara moja. Fundi anachomoa kijiti cha oili, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha, kisha anakichomoa tena. Oili imepungua kidogo tu.

"Dere, oili hii imeisha."

"Imeisha vipi, fundi, na naiona hapo?"

"Omera, imeisha nguvu."

Dereva wa gari aina ya Probox anawatazama abiria walioketi tayari, anatazama jua, kisha anaomba aongezewe nusu lita. Oili ya zamani ataimwaga wiki ijayo.

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Dereva anazungumzia ujazo. Fundi anazungumzia sifa ambayo Kiswahili kina jina lake, mnato, lakini jina hilo halijafika gereji. Halijafika kwa sababu ambayo si siri: nchini Kenya fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo aliyejifunza dhana hii darasani aliijua kwa lugha nyingine, na aliyejifunzia ufundi chini ya mwembe hakupewa istilahi yoyote.

Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Maji yana mnato mdogo, asali ina mnato mkubwa. Neno linatokana na kunata, kitenzi kinachotukumbusha ulimbo wa kunasia ndege. Ajabu ni kwamba neno la Kiingereza la dhana hiyohiyo lina asili yake katika viscum la Kilatini, mmea ambao matunda yake yalitumika kutengeneza ulimbo. Njia mbili zilizotoka mbali zimekutana kwenye mtego mmoja wa ndege.

Mafundi wetu wana maneno yao: oili nzito na oili nyepesi. Mtu wa maabara atapinga. Oili huelea juu ya maji, kwa hiyo kwa ujazo ule ule ni nyepesi kuliko maji, ilhali mnato wake unayazidi maji mara nyingi. Pingamizi hilo ni sahihi, lakini fundi hakulitoa neno lake kwenye mizani. Amelitoa jikoni, kwenye uji, ule ambao Wajaluo huuita nyuka, nao uji huwa mzito au mwepesi pasipo mtu kuupima kwa kilo. Mimi ningeyaacha maneno hayo yaendelee kufanya kazi yake, kisha niongeze nomino inayokosekana: oili hii mnato wake umeshuka. Neno "oili" lenyewe nalitetea pia. Vitabu vinaandika "mafuta ya injini", lakini ukimwambia mtu wa petroli stesheni aweke mafuta, atafungua tangi.

Sasa tuingie ndani ya injini, maana hapo ndipo neno linapopata uzito wake. Krenki inapozunguka, haitakiwi kugusa beringi zake. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, mhandisi wa Uingereza, alieleza kihisabati kinachotokea: mhimili unaozunguka huikokota oili na kuisukumiza kwenye nafasi inayozidi kubana, na shinikizo linalozaliwa humo hubeba mzigo. Utando huo wa oili ni mwembamba kuliko unywele. Oili isiyo na mnato wa kutosha hukimbia kabla haijaubeba mzigo, chuma kikakutana na chuma, na hapo ndipo unaposikia watu wakisema injini imenoki.

Mnato huharibika kwa njia zinazopingana. Oili nyingi za siku hizi zimetiwa molekuli ndefu zinazozuia mnato usianguke sana joto linapopanda. Sehemu za injini zinazosagana huzikatakata molekuli hizo, na oili ikawa kama maji. Petroli ambayo haikuungua ikiteremkia humo, huizimua zaidi. Kwa upande mwingine, joto na hewa huichakaza oili, masizi na vumbi la murram vikaongezeka, ikaganda kuwa tope linaloziba vijia vyake. Nusu lita mpya haiondoi tope hilo, wala haiungi molekuli zilizokatika. Huongeza ujazo, basi.

Weusi nao huwapoteza wengi. Oili imewekewa viambata vya kusafisha vinavyoyashika masizi yasigande kwenye vyuma, kwa hiyo inaweza kuwa nyeusi mapema na bado ikawa inafanya kazi yake vizuri. Rangi si kipimo cha mnato.

Kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, iliyoanzishwa mwaka 1905, ndiyo iliyotupa alama kama 20W-50 na 5W-30. Herufi W husimamia majira ya baridi, na tarakimu iliyo kabla yake hueleza tabia ya oili injini ikiwa baridi. Tarakimu ya mwisho hueleza mnato wake ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Rongo haijui theluji, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuchagua oili nzito kuliko zote. Vijia vya injini ndogo vilichongwa kwa kiwango fulani cha mnato, na kitabu cha gari kinakitaja.

Kuna pia hesabu ya barabara. Kutoka Rongo hadi mji wa jirani wa Homa Bay ni kama kilomita 30. Probox inayokwenda na kurudi mara tano kwa siku inatimiza kilomita 300, na zile kilomita 5,000 ambazo mafundi wengi huzitaja kwa oili ya kawaida zinaisha kwa siku 17. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili anaweza kumaliza mwaka bila kuzitimiza. Kwa hiyo "wiki ijayo" ya dereva wetu ni kama kilomita 2,100 zaidi juu ya oili iliyokwisha.

Fundi akimaliza, huandika kadi na kuibandika kwenye kioo: kilomita za leo, kilomita za kumwaga tena. Kumwaga ni neno lenye harufu ya hasara, na dereva anaposoma kadi ile huona pesa zikimiminika kwenye karai. Ningependa mstari mmoja zaidi uandikwe hapo, kwa kalamu ileile: mnato, 5W-30, mwisho kilomita kadha.