Athari ya Sivers

Athari ya Sivers ni uhusiano kati ya spini ya protoni na momenta kingamo ya kwaki zilizomo ndani yake, yaani ile sehemu ya mwendo inayoelekea kando, si mbele. Protoni inapokimbia huku mhimili wa spini yake ukikingama na njia, kwaki za aina ya juu huegemea upande mmoja na za aina ya chini upande wa pili. Dennis Sivers alilitoa wazo hilo mwaka 1990. Mwaka 1993 John Collins alitoa hoja kwamba ulinganifu wa kugeuza wakati unalikataza. Lakini mwaka 2002 Brodsky, Hwang na Schmidt walionyesha kuwa linawezekana, kwa sababu kwaki iliyopigwa na elektroni hubadilishana gluoni, chembe zinazounganisha kwaki, na mabaki ya protoni inapotoka. Jaribio la HERMES, mjini Hamburg, lilichapisha ushahidi mwaka 2005.

Utabiri unaovutia kuliko yote ni huu: katika mchakato wa Drell na Yan, ambamo kwaki na antikwaki huangamizana, athari lazima igeuze alama ikilinganishwa na pale elektroni inapoipiga kwaki. Vipimo vya jaribio la COMPASS pale CERN, vilivyochapishwa mwaka 2017, vinaelekea huko, ingawa kwa uhakika mdogo. Mchango wa gluoni haujapimwa kikamilifu.